Matangazo ya chuo yamfikie vipi mwanafunzi wa ploti na mpishi wa zamu ya alfajiri?

Dada wa Ofisi ya Wanafunzi (magharibi mwa Kenya) anauliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni karani katika ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi kwenye chuo kimoja cha kati huku magharibi, chenye kozi za ufundi, upishi, uhasibu na ustawi wa jamii. Tangu mwanzo wa muhula huu nimekabidhiwa kazi ya kukusanya habari za chuo na huduma zake kila wiki, kisha kuzitangaza kwa wanafunzi na wafanyakazi. Nilidhani ni kazi ya kuchapa na kubandika tu. Sasa nimegundua kwamba tunachokibandika hakisomwi, na wanaoumia ni wale wale wasio na mtu wa kuwadokezea.

Nitoe mifano miwili. Muhula uliopita, fomu za basari ya eneo bunge zilihitaji kupigwa muhuri wa chuo kabla ya Ijumaa fulani. Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye ubao ulio mbele ya jengo la utawala. Kufikia Jumatano lilikuwa limefunikwa na karatasi ya mtu anayepangisha vyumba, na juu ya karatasi hiyo pakawa na bango la mkesha wa maombi. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, ambao wamepanga kwenye ploti, yaani nyumba za vyumba vya kukodi, mwendo wa nusu saa kutoka chuoni na ambao wiki hiyo walishinda karakana, walikuja na fomu zao Jumatatu iliyofuata. Nilipowaambia kwamba muda umekwisha, mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Madam, hilo tangazo lilikuwa wapi?" Nilimpeleka nimwonyeshe, na mimi niliyelibandika kwa mikono yangu nikashindwa kuliona.

Mfano wa pili unamhusu mama mmoja wa jikoni. Bima ya afya ya NHIF ilipoondolewa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, kila mfanyakazi alitakiwa kukamilisha usajili wake na wa wategemezi wake. Waraka wa chuo kuhusu jambo hilo ulitumwa kwa barua pepe, kwa Kiingereza, kurasa tatu. Mama huyu huingia jikoni saa kumi alfajiri, hana barua pepe ya chuo, na hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Alitambua siku mtoto wake alipougua na usajili wao ukakosekana kwenye kompyuta ya hospitali. Alilipa kutoka mfukoni, ilhali makato ya asilimia 2.75 yalikuwa yakionekana kwenye hati yake ya mshahara.

Naomba ushauri wa walio na uzoefu. Je, nitegemee ubao, barua pepe, makundi ya WhatsApp, au ujumbe mfupi wa simu? Je, niandike kwa lugha gani? Bajeti yangu ni karatasi, wino na salio la ujumbe mfupi ambalo sharti niliombe kwa barua kila mwezi.

---

Mzee wa Maktaba (Kisumu) anajibu:

Dada, nimefanya kazi kwenye maktaba za vyuo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda huo wote matangazo ya saa za kufungua, vitabu vilivyochelewa na mafunzo ya kutafuta makala yamekuwa sehemu ya mkate wangu. Ninaona umeanza kwa kuuliza njia ya kupeleka habari. Mimi ningeanzia mahali zinapotoka.

Tengeneza ukurasa mmoja wa kila wiki. Utoke siku ile ile, tuseme Jumatatu kabla ya chai ya asubuhi, uwe na nambari ya toleo, na kila idara ijue kwamba habari isiyokufikia kufikia Alhamisi saa kumi jioni itangoja wiki inayofuata, isipokuwa ya dharura. Ubao, WhatsApp na ujumbe mfupi vyote vichote kutoka kwenye ukurasa huo. Tulipokuwa tukiruhusu kila idara ijitangazie, msajili aliandika tarehe moja ya mwisho ya kulipa karo, ofisi ya fedha ikaandika nyingine, na mwanafunzi aliyefuata ile ya mbali zaidi akazuiwa mlango wa chumba cha mtihani. Yeye hakukosea kusoma, na hakuna aliyeweza kumwambia ni karatasi gani iliyokuwa ya kweli.

Kila habari kwenye ukurasa huo ijibu mambo ambayo mtu anayesoma akiwa amesimama, mfuko begani, anataka kuyajua: inamhusu nani, afanye nini, aende wapi, mwisho wake ni lini, aje na nini, na akikwama amwone nani. Nasema amwone nani kwa maana ya cheo na nambari ya chumba, kwa kuwa maafisa huhamishwa na karatasi hubaki. Kisha ongeza jambo ambalo ofisi nyingi husahau, nalo ni siku ya kuliondoa tangazo. Iandike pembeni kwa maandishi madogo, "Liondolewe tarehe 15," ili hata mlinzi au mwanafunzi akiliona limepitwa na wakati awe na idhini ya kulibandua. Ubao uliojaa mambo yaliyokwisha humfundisha msomaji kwamba hakuna haja ya kuutazama, na funzo hilo likishamwingia ni vigumu kumtoa.

Kuhusu ubao wenyewe, usipigane na wapangishaji vyumba. Wanafunzi wanavihitaji vyumba hivyo, na mikesha pia ina watu wake. Omba ubao wa pili, wa mbao tupu, uandikwe juu yake "Matangazo ya Nje," na ule wa chuo uwekewe kioo na kufuli, ufunguo ukae kwako. Kisha utazame ubao wako uko wapi. Mbele ya jengo la utawala hupita watu wanaokwenda kwa wakubwa, na mwanafunzi wa kawaida hana safari ya huko ila akiitwa. Bandika nakala mahali watu wanapolazimika kusimama bila la kufanya: foleni ya chakula, mfereji wa maji wa hosteli, benchi la zahanati, mlango wa karakana, lango ambapo bodaboda hushusha abiria. Sisi tulikuwa tumebandika saa za maktaba kwenye mlango wa maktaba, yaani tulikuwa tukiwaeleza wale tu ambao walikuwa wamekwisha kufika, na baadhi yao wamekuta pamefungwa. Tulipopeleka nakala kantini na kwenye hosteli, watu waliacha kutugongea usiku tukiwa tumefunga, na kipindi cha mitihani, tunapoongeza saa za jioni, viti vikaanza kujaa tangu siku ya kwanza.

Usisahau mvua ya huku kwetu. Karatasi iliyobandikwa kwenye baraza wazi asubuhi huwa imelowa na kujikunja jioni, hasa kati ya Machi na Mei. Jalada la plastiki angavu ni bei ya shilingi chache na hutumika tena na tena.

Jambo moja zaidi kuhusu huduma zenyewe. Kuna huduma ambazo chuo kimekwisha kuzilipia na ambazo watu hawazijui. Vyuo vingi vya Kenya vimeunganishwa kwenye KENET, mtandao wa intaneti wa taasisi za elimu na utafiti, na baadhi yavyo vina eduroam, mpango unaomruhusu mwanafunzi au mhadhiri wa chuo mwanachama kutumia intaneti ya chuo kingine kinachoutoa kwa akaunti ile ile ya kwao. Nimekutana na mtafiti kutoka nje ya Kisumu aliyekuwa akinunua bando kila siku akiwa kwenye meza yetu, ilhali simu yake ingeweza kuunganishwa tangu siku aliyofika. Kwa hiyo tenga pembe ya ukurasa wako kwa huduma moja kila wiki, hata pasipokuwa na habari mpya kuihusu: wiki hii ushauri nasaha, wiki ijayo saa za daktari wa zahanati, kisha namna ya kupata kitambulisho kilichopotea.

Na uweke nakala ya kila toleo kwenye faili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa taasisi ya umma na inaitaka taasisi itoe uamuzi ndani ya siku 21. Siku mwanafunzi atakapouliza lini na wapi jambo fulani lilitangazwa, utafungua faili badala ya kujitetea kwa kumbukumbu.

---

Kiongozi wa Wanafunzi (Nakuru) anajibu:

Ninaunga mkono ukurasa mmoja wa Mzee. Niongeze upande wa simu, kwa sababu ndiko sisi tunakoishi.

Kundi la WhatsApp lina matatizo mawili. La kwanza ni kelele: tangazo la mtihani likitumwa saa tatu asubuhi, kufikia saa nne limezikwa chini ya salamu, vichekesho na watu wanaouza viatu. La pili linaniuma zaidi. Kila aliye ndani ya kundi anaziona nambari za wengine wote. Mwenzetu mmoja wa kike alisumbuliwa muhula mzima na mtu asiyemfahamu aliyeichukua nambari yake kwenye kundi la chuo, kundi ambalo alilazimika kuwemo ili apate ratiba. Alipolalamika akaambiwa ajitoe. Angejitoa, angepata wapi ratiba? Ndiyo maana tuliomba ofisi ifungue chaneli ya WhatsApp badala ya kundi. Kwenye chaneli ofisi peke yake ndiyo inayotuma, na wafuasi hawaonani nambari.

Tafadhali msipige picha karatasi na kuituma. Wengi wetu hununua bando la siku, na siku nyingine hatununui. Maneno matupu hufunguka hata kwenye simu yenye intaneti dhaifu, picha hugoma. Isitoshe, darasani kwetu kuna mwenzetu asiyeona ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Picha ya tangazo kwake ni kimya. Ilitubidi tumsomee kila kitu, na yeye hakupenda kutegemea watu kwa mambo yake ya karo.

Kwa wasio na simu janja, tumieni viongozi wa madarasa. Kwetu, kiongozi wa darasa husoma habari tatu kuu za wiki kabla ya kipindi cha kwanza cha Jumanne, mwalimu akiwa amesimama pale. Huchukua dakika tatu. Walimu wawili walilalamika mwanzoni kwamba tunawalia muda, lakini walipoona kwamba maswali ya tarehe za mitihani yamehama kutoka vipindini mwao, waliacha.

Kisha kuna matapeli. Msimu wa mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unapofika, hutembea ujumbe unaofanana kabisa na wa ofisi, ukimwambia mwanafunzi atume pesa kidogo kwa nambari fulani ili fomu yake iharakishwe. Wa mwaka wa kwanza hutuma. Ukurasa wenu useme kila wiki, mahali pale pale, kwamba chuo hakipokei malipo kwa nambari ya mtu binafsi, na kwamba tangazo lisilokuwa na nambari ya toleo si la chuo. Sisi tutalinganisha.

---

Fundi wa Mitambo (Bungoma) anajibu:

La ujumbe mfupi ni fupi lakini linagharimu pesa. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa kama ujumbe kamili. Lakini kuna mtego unaotunasa sisi tunaoandika Kiswahili. Ukiandika "ng'ambo" au "kung'oa" kwenye programu ya kuchapia barua, ile alama ya ritifaa hugeuzwa yenyewe ikawa ya mviringo. Ukiunakili ujumbe huo kwenye mtambo wa kutuma, alama hiyo moja huufanya ujumbe wote uhesabiwe kwa utaratibu mwingine ambao hubeba herufi 70 tu. Ujumbe uliodhani ni mmoja unakuwa jumbe tatu, na kwa wanafunzi elfu moja umelipia elfu tatu. Katuni za nyuso hufanya vivyo hivyo. Andika moja kwa moja ndani ya mtambo wa kutuma, au tumia ritifaa iliyonyooka, na uutazame mtambo unahesabu jumbe ngapi kabla ya kubonyeza.

Weka ujumbe mfupi kwa mambo ya tarehe za mwisho na ya dharura pekee, kama vile maji kukatwa au mtihani kuahirishwa.

---

Dada wa Ofisi ya Wanafunzi anaandika tena:

Asanteni sana. Ndugu Fundi, nimeufungua ujumbe tuliotuma mwezi uliopita na kweli nimeikuta alama hiyo ya mviringo. Ndiyo iliyomaliza salio letu katikati ya mwezi, nami nilikuwa nimeilaumu kampuni ya simu.

Nimempelekea mkuu wangu wazo la ukurasa mmoja na amelikubali. Amekataa jambo moja. Anasema ukurasa uandikwe kwa Kiingereza pekee, kwa sababu hicho ndicho lugha ya ofisi na ya kufundishia, na kwamba Kiswahili kitaushusha hadhi. Sitaki kubishana naye bila hoja. Namwazia yule mama wa jikoni.

---

Mwalimu wa Kiswahili (Nakuru) anajibu:

Dada, hoja unayo kwenye Katiba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili ni lugha za ofisi kwa usawa wa kisheria. Kifungu hicho hicho kinaitaka Serikali ikuze pia Lugha ya Ishara ya Kenya, Breili na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu, na ikiwa mnao wanafunzi viziwi, video ya dakika mbili ya mkalimani akieleza habari za wiki itawasaidia kuliko karatasi. Mweleze mkuu wako kwa heshima kwamba huombi Kiingereza kiondolewe. Karatasi ina pande mbili, na upande wa Kiswahili ubandikwe ukitazama nje penye jikoni, lango na bustani.

Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi. Nimesoma matangazo ya Kiswahili yaliyo magumu kuliko waraka wa Kiingereza, kwa sababu mwandishi alitafsiri neno kwa neno akiwa na hofu ya kuonekana mwepesi. "Wahusika wote wanaarifiwa kwamba zoezi la uthibitishaji litatekelezwa" ni sentensi ambayo mtu anaweza kuisoma mara tatu asijue kama anatakiwa aondoke kitini. "Njoo na kitambulisho chako, chumba cha 4, Jumatano" inamwinua. Vilevile tofautisha tangazo na ilani. Wanafunzi wako wamefundishwa tangu shule ya upili kwamba ilani ni onyo kutoka kwa mwenye mamlaka. Ukiandika ILANI juu ya kila kitu, pamoja na habari njema ya saa za maktaba kuongezwa, watu wataingiwa na hofu bure, na siku ya onyo la kweli, tuseme maji ya tangi yameingiwa na uchafu, neno hilo litakuwa limechakaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeliona likiwaponza watu zaidi ya mengine yote, nalo ni saa. Sisi husema saa mbili asubuhi, na simu husema 8:00. Chuo kimoja ninachokifahamu kilibandika tangazo la mtihani wa marudio wa mazungumzo likisema "saa 2." Waliolisoma kwa saa ya Kiswahili walifika asubuhi wakakuta chumba kimefungwa, wakasubiri kidogo, wakaondoka. Waliolisoma kwa saa ya simu walifika mchana wakafanya mtihani. Kila upande ulikuwa na haki, kwa maana tarakimu tupu hiyo ilikuwa na maana mbili kamili. Tangu hapo nimewaomba wote ninaofanya nao kazi waandike saa kwa maneno, pamoja na sehemu ya siku, kisha waongeze ya simu yenye tarakimu nne: "saa nane mchana, 14:00 kwenye simu." Inachukua nafasi zaidi kwenye karatasi, nami sioni mahali pengine ambapo nafasi ingetumika vizuri zaidi.

Siku nazo zina mitego yake. Wewe mwenyewe umeandika kwamba fomu za basari zilihitajika "kabla ya Ijumaa fulani." Je, Ijumaa yenyewe ilikuwa ndani au nje? Kwa maana halisi ya maneno hayo siku ya mwisho ni Alhamisi, lakini nina hakika ofisi ilikusudia Ijumaa, na mwanafunzi makini aliyekuwa akija Ijumaa saa tano huenda alirudia njiani akidhani amechelewa. Andika "Siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 14." "Ijumaa ijayo" nayo iepuke kabisa, kwa sababu anayeisoma Jumatatu na anayeisoma Jumamosi wana Ijumaa mbili tofauti.

---

Afisa wa Utumishi (Busia) anajibu:

Mengi yamesemwa kuhusu wanafunzi, nami ningependa kurudi kwa mama wa jikoni.

Wafanyakazi wa zamu hawafikiwi na karatasi wala na barua pepe. Wanafikiwa na mtu. Kwetu tulikubaliana na msimamizi wa kila zamu, yaani jikoni, ulinzi, usafi na shamba, kwamba wakati zamu moja inaipokea nyingine, asome habari za wafanyakazi kwa sauti na kuruhusu maswali. Jikoni hilo hufanyika kabla ya chakula cha mchana, pale zamu ya alfajiri inapojiandaa kutoka. Kwenye suala la SHA hatukuishia kusoma. Tulikaa na kila mmoja na simu yake, tukabonyeza *147# pamoja naye, tukahakikisha mume au mke na watoto wamesajiliwa, kisha tukaweka alama kwenye orodha. Ilituchukua siku nne kwa watu wetu wote. Usajili wa namna hiyo ni huduma, na tangazo lake linapaswa kusema nani atamsaidia mtu kuumaliza, siku gani, mahali gani.

Tahadhari moja kuhusu ukurasa wako. Utaletewa orodha za wenye deni la karo, za waliofeli, za waliopewa msaada kwa sababu ya umaskini, uzibandike. Usikubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu nambari ya usajili kuwa habari ya mtu binafsi sawa na jina lake, kwa kuwa inamtambulisha. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Andika kwamba matokeo yako tayari na kila mtu ayatazame kwenye akaunti yake au aje dirishani na kitambulisho. Orodha ya wanaopata msaada wa chakula, hasa, isionekane popote. Nimemwona kijana akiacha kula kwa siku mbili kwa sababu jina lake lilikuwa ukutani.

---

Dada wa Ofisi ya Wanafunzi anaandika tena:

Mkuu amekubali pande mbili za karatasi. Mwalimu, nilimsomea Kifungu cha 7 kama ulivyonielekeza, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninaweza kumwandikia naye salamu za mwanzo wa muhula kwa Kiswahili. Msimamizi wa jikoni atasoma habari kila Jumatatu, na kuhusu usajili wa SHA, mimi na karani wa mishahara tutakaa naye wiki hii hadi wote wamalizike. Ubao wa kioo nimeuombea fedha. Kwa sasa seremala wa karakana yetu ametupa mbao za ule wa pili.

Hili ndilo tangazo langu la kwanza. Nawaomba mlikague kabla sijalitoa:

"Toleo la 1. Kwa wanafunzi wote wanaoomba basari ya eneo bunge. Leta fomu yako ipigwe muhuri wa chuo. Mahali: Ofisi ya Wanafunzi, dirisha la 2. Saa: kuanzia saa mbili asubuhi (08:00 kwenye simu) hadi saa kumi jioni (16:00 kwenye simu). Siku ya mwisho ni Ijumaa. Njoo na kitambulisho cha chuo na karatasi ya karo. Muhuri haulipiwi. Ukikwama, mwone karani wa dirisha la 2."

---

Mwalimu wa Kiswahili (Nakuru) anajibu:

Linaeleweka. Weka tarehe baada ya "Ijumaa," na siku ya kuliondoa pale chini.

---

Kiongozi wa Wanafunzi (Nakuru) anajibu:

Ongezeni kwamba fomu iwe imekwisha kutiwa sahihi na chifu wa nyumbani kwao, ikiwa eneo bunge lao linadai hivyo. Aliyetoka Turkana au Kwale hataweza kwenda na kurudi kwa siku mbili, na akijua mapema anaweza kumtumia mzazi fomu hiyo kwa gari la usiku. Kama inawezekana, tangazo hili litoke wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho badala ya wiki moja.

---

Dada wa Ofisi ya Wanafunzi anaandika tena:

Nimeongeza yote matatu. Litatoka Jumatatu hii, na siku ya mwisho nimeisogeza mbele kwa wiki moja baada ya kuzungumza na ofisi ya basari. Nakala ya kwanza ninaipeleka mimi mwenyewe kwenye ile ploti.